Shajara ya Mlinzi: nani ameshika koneksheni za databesi

Jumatatu

Mradi huu umetokana na malalamiko. Mfumo wa SACCOS tunayoihudumia unaganda, hasa mwisho wa mwezi, hasa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita mchana pale watu wanapojaa kaunta kuleta rejesho za mikopo na michango. Na ukiganda unagandia wote, karani wa kaunta, mtu wa mikopo, ripoti za mama mhasibu, hakuna anayepona. Afu baada ya dakika moja au mbili unaachia wenyewe, na mimi nikiingia kwenye seva nakuta kila kitu kimetulia, prosesa imepumzika, memori ipo, diski ina nafasi. Kilichobaki ni mstari huu tu kwenye logi ya programu, umejirudia weee:

```
FATAL: remaining connection slots are reserved for non-replication superuser connections
```

Yaani PostgreSQL, programu inayoendesha databesi yetu, inasema nafasi za koneksheni, za programu kuunganishwa nayo, zimekwisha. Seva ni Ubuntu 22.04 na PostgreSQL 14 iliyokuja nayo, mipangilio haijaguswa, kwa hiyo max_connections ni 100 na kati ya hizo 3 zimewekwa pembeni kwa ajili ya superuser, yuza mwenye mamlaka yote. Sisi wengine tunagombania 97. SACCOS yenyewe ina makarani wachache tu, hawafiki hata kumi na tano, sasa 97 zinaishaje? Hilo ndo swali la mradi mzima, na siwezi kulijibu kwa kuingia kwenye seva baada ya tukio. Nataka kitu kinachokaa pale muda wote kinaandika. Nimekiita mlinzi.

Ningeweza kufunga moja ya zile programu kubwa za kuchora grafu, lakini seva ina gigabaiti 4 za memori tu na sitaki kuongeza mzigo kwenye mashine ambayo tayari inalalamikiwa. Skripti ya bash (faili la amri za Linux), psql (chombo cha kuiuliza PostgreSQL), na faili la maandishi. Inatosha kuanzia.

Leo nimeanza na kuhesabu tu, kwa pg_stat_activity, orodha ya PostgreSQL ya walioungana nayo:

```
psql -XAt -d saccos -c "select count(*) from pg_stat_activity"
```

Hapa kuna jambo la kuangalia mapema. Tangu toleo la 10, pg_stat_activity inaonyesha na michakato ya ndani ya PostgreSQL yenyewe, checkpointer, walwriter na wenzao, wakati hao hawali nafasi kwenye zile 100. Ukihesabu bila kuchuja unapata namba iliyovimba. Kwa hiyo weka where backend_type = 'client backend' na utoe na koneksheni ya mlinzi mwenyewe kwa pid <> pg_backend_pid(). Sasa hivi mchana huu zinasoma 41. Na 41 haisemi kitu chochote kwakweli, ni nyingi? ni chache? za nani?

Jumanne

Za nani. Ndo kazi ya leo.

Programu zetu tatu zote zilikuwa zinaingia kwenye databesi bila kujitambulisha, safu ya application_name ilikuwa tupu kabisa, kwa hiyo kwenye orodha zote zinafanana. Nimeongeza kwenye anwani ya kila moja `?application_name=kaunta`, `risiti` na `ripoti`. Badiliko la mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, na kama unasoma hapa hufanyi kitu kingine chochote leo, fanya hiki. Nimeomba ruhusa ya kuzizima na kuziwasha saa mbili usiku, ikachukua sekunde chache tu.

Halafu nikafanya hesabu ambayo nadhani haijawahi kufanyika tangu mfumo uwekwe. Programu zimeandikwa kwa Python na zinatumia SQLAlchemy, laibrari ya kuongea na databesi, na SQLAlchemy usipoiambia kitu inatunza koneksheni 5 na inaruhusiwa kuongeza 10 za dharura, jumla 15, na hiyo ni kwa kila mchakato, sio kwa programu nzima. Kaunta ina woka (michakato) 4, hiyo 60. Risiti ina woka 2, hiyo 30. Ripoti moja, 15. Jumla 105. Nafasi ni 97. Kwa hiyo hata makarani wangekuwa watano, kwenye makaratasi mfumo unaweza kujimaliza wenyewe ikitokea sababu ya kila woka kutaka koneksheni zake zote kwa wakati mmoja. Lakini karani mmoja anabofya mara moja, anapata jibu, koneksheni inarudi. Lazima kuna kitu kinazishikilia zisirudi.

Kwa hiyo mlinzi asihesabu tu, aseme programu gani, iko kwenye hali gani, na imekaa kwenye hali hiyo sekunde ngapi. PostgreSQL ina safu ya state na safu ya state_change. Hali zinazonihusu ni tatu: `active`, kuna kweri (swali au amri kwa databesi) inaendelea. `idle`, koneksheni ipo wazi inasubiri kazi, haina madhara. Na `idle in transaction`, hii ndo ya kuogopa, programu imefungua tranzaksheni (kazi kadhaa zinazokamilika zote au hakuna hata moja), imefanya jambo, halafu imenyamaza bila kukomiti (kuikamilisha) wala kurudisha nyuma. Ni sawa na abiria aliyeacha kofia kwenye siti ya daladala akashuka kwenda kununua maji, siti haina mtu na huwezi kuikalia. Na sio siti tu, kama alishafunga mistari fulani ya tebo basi ile mistari nayo inabaki imefungwa mpaka arudi.

```
select application_name, state, count(*),
       max(extract(epoch from now() - state_change))::int
from pg_stat_activity
where backend_type = 'client backend'
  and pid <> pg_backend_pid()
group by 1, 2
order by 3 desc;
```

Hii nimeihifadhi kama hali.sql.

Kuhusu yuza wa kuisoma: yuza wa kawaida akiangalia pg_stat_activity anaona mambo yake tu, ya wengine anakuta state tupu na kwenye query kumeandikwa `<insufficient privilege>`. Dawa yake ni `grant pg_read_all_stats to mlinzi;`, ipo tangu toleo la 10, hakuna haja ya kumpa mtu funguo za nyumba nzima ili asome ubao wa matangazo.

Jumatano

Kabla sijaiweka kwenye seva yenyewe nimeijaribu kwenye seva ya majaribio kwa kuijaza makusudi. Rahisi tu, unafungua koneksheni nyingi zinazolala:

```
for i in $(seq 1 97); do psql -X -U jaribio -d saccos -c "select pg_sleep(300)" & done
```

Na matokeo yake yamebadilisha mpango. Nafasi zilipojaa, mlinzi naye akagongewa mlango. Anapata ile ile FATAL wanayopata wengine, maana naye ni yuza wa kawaida. Maana yake dakika ambayo ninaihitaji kuliko zote ndiyo ambayo logi ingekuwa na pengo. Nimefurahi sana kuliona hili hapa na sio mwisho wa mwezi.

Toleo la 16 lina kitu kizuri kwa hili, reserved_connections na ruhusa ya pg_use_reserved_connections, unamtengea yuza wa uangalizi nafasi zake bila kumfanya superuser. Sisi tuko 14 na kupandisha toleo sio kazi ya wiki hii. Kwa hiyo nimeamua mlinzi aendeshwe na kron (ratiba ya Linux ya kuendesha kazi zenyewe) ya yuza postgres wa Linux, anaingia kwa soketi ya ndani bila paswedi, anatumia zile nafasi 3 za superuser. Yule yuza mlinzi wa jana nimemwachia kazi ya kuangalia kwa mkono tu. Najua superuser kwenye kron inatisha, kwa hiyo nimemfunga kamba: tranzaksheni zake zote ni za kusoma tu, kweri yake ikizidi sekunde 5 inakatwa, na akishindwa kuunganishwa ndani ya sekunde 5 anaacha.

```
#!/bin/bash
export PATH=/usr/bin:/bin
export TZ=Africa/Dar_es_Salaam
export PGCONNECT_TIMEOUT=5
export PGAPPNAME=mlinzi
export PGOPTIONS='-c statement_timeout=5000 -c default_transaction_read_only=on'
LOGI=/var/log/mlinzi/$(date +%F).log
for i in 1 2 3 4; do
  psql -XAtq -F '|' -d saccos -f /opt/mlinzi/hali.sql 2>&1 \
    | sed "s/^/$(date +%T)|/" >> "$LOGI"
  [ $i -lt 4 ] && sleep 15
done
```

Kuna vitu vidogo humu vina sababu zake. TZ nimeiweka kwa sababu seva inaishi kwenye saa za UTC, na karani akinipigia kuniambia mfumo uliganda saa nne na robo nataka nitafute 10:15 kwenye logi, sio nianze kutoa tatu kichwani. Kile kitanzi cha mara nne ni kwa sababu kron haiwezi kwenda chini ya dakika moja na huku kuganda kwenyewe kunaweza kuanza na kuisha ndani ya dakika, kwa hiyo kila dakika inapiga picha nne. 2>&1 ni ili makosa nayo yaingie kwenye logi, maana kushindwa kuunganishwa nako ni habari. Na date +%F imekaa ndani ya skripti badala ya kwenye mstari wa kron kwa sababu crontab inaichukulia alama ya % kama mstari mpya, wengi wamepoteza jioni nzima hapo.

Mstari wa kron:

```
* * * * * flock -n /tmp/mlinzi.lock /opt/mlinzi/mlinzi.sh
```

flock inazuia walinzi wawili kupishana mlangoni ikitokea mmoja amechelewa. Nimeiwasha saa kumi na moja jioni. Alhamisi ilipita kimya, namba za kawaida, idle nyingi, active moja moja.

Ijumaa, mwisho wa mwezi

Imenaswa!

Dada wa kaunta alinipigia, "Kaka, imeganda tena huku, watu wamejaa hadi nje." Nikamwambia pole dada, niangalie hapa. Nikafungua logi ya leo (saa, programu, hali, idadi, sekunde):

```
10:14:31|kaunta|active|48|52
10:14:31|risiti|active|29|55
10:14:31|kaunta|idle|9|203
10:14:31|risiti|idle in transaction|1|57
```

Picha iliyofuata, sekunde kumi na tano mbele, kaunta zote zilikuwa active, ripoti nazo zimeongezeka, tumegonga ukuta. Halafu picha ya tatu ghafla zote zimerudi idle.

Nilikaa na mistari hii minne muda mrefu. Mtu yeyote akiitazama haraka atasema tatizo ni active 48 na active 29, databesi imezidiwa na kazi, tununue mashine kubwa. Na kuna mwenzangu ndo alichosema hasa. Lakini prosesa dakika hiyo ilikuwa haina kitu cha kufanya, nilikuwa na top, amri ya kuonyesha mzigo wa prosesa, imefunguliwa pembeni. Kweri 77 zinaendelea kwa karibu dakika nzima na prosesa imepumzika haiwezekani, isipokuwa kama hizo kweri hazifanyi kazi. Zinasubiri. active maana yake kweri imeanza na haijaisha, haisemi kama inachapa kazi au imesimama kwenye foleni.

Na uangalie mstari wa mwisho, ule ambao upangaji wangu kwa wingi umeutupa chini kabisa. Koneksheni moja. idle in transaction. Sekunde 57, ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote zinazosubiri. Wa kwanza kuingia na hajatoka.

Usiku huu nimeongeza safu ya wait_event_type kwenye hali.sql, ile inayosema koneksheni inasubiri nini. Na nimeandika faili la pili, nani.sql, la kumtafuta anayezuia wengine huku mwenyewe hazuiwi na mtu:

```
select a.pid, a.application_name, a.state,
       now() - a.xact_start as umri, left(a.query, 80)
from pg_stat_activity a
where cardinality(pg_blocking_pids(a.pid)) = 0
  and a.pid in (select unnest(pg_blocking_pids(b.pid))
                from pg_stat_activity b);
```

Hilo sharti la kwanza ni la muhimu. Watu thelathini wakigombania mstari mmoja wa tebo hawamsubiri wote yule aliyeushika, wanasubiriana wenyewe kwa wenyewe kwenye foleni, kwa hiyo ukiuliza "nani anamzuia huyu" unaweza kujibiwa jina la mwathirika mwingine. Unamtaka wa mwanzo wa mnyororo. Na pg_blocking_pids sio ya kuipiga ovyo, kila ikiitwa inashika kidogo ile sehemu ya memori inayotunza orodha ya kufuli zote, kwa hiyo skripti inaiita pale tu wanaosubiri Lock (kufuli) wakizidi watano.

Jumamosi

Ofisi inafungwa saa saba mchana Jumamosi lakini asubuhi ilijaa kama jana. Saa tano kasoro nani.sql ikaongea:

```
28114|risiti|idle in transaction|00:00:44.8|select namba from kihesabu where jina = 'risiti' for update
```

Kumbuka kwenye hali ya idle in transaction safu ya query inaonyesha kweri ya mwisho kumalizika, sio inayoendelea. Kwa hiyo huyu alichukua kufuli ya mstari wa kihesabu cha namba za risiti, akaipata, na baada ya hapo sekunde 44 hajaigusa databesi tena. Yuko wapi?

Nimefungua kodi ya moduli ya risiti. Inafanya hivi kwa mpangilio huu: inafungua tranzaksheni, inafunga mstari wa kihesabu na kuchukua namba inayofuata, inatuma ombi kwa kampuni ya malipo ya simu, inasubiri jibu, ikijibiwa inaandika risiti, inakomiti. Ombi linatumwa kwa laibrari ya requests bila kutaja timeout (kikomo cha kusubiri), na requests usipoitajia itasubiri tu, haina kikomo chake yenyewe.

Sasa nikaenda tawini kuona jibu linachelewa wapi, maana ni karibu na nilitaka kuona kwa macho. Nikasimama nyuma ya dada wa kaunta. Amekuja mzee mmoja kulipa rejesho kwa simu. Dada akabofya, sekunde tatu hivi simu ya mzee ikaita kwa ujumbe wa kuweka namba ya siri. Mzee akaitazama, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaweka fimbo ukutani, akaanza kutafuta miwani mfuko wa koti, haipo, mfuko wa shati, ipo. Akaivaa. Akasoma ujumbe wote mpaka mwisho, kama inavyopaswa mtu kusoma kabla ya kutoa hela yake. Akaweka namba ya siri taratibu. Muda wote huo kihesabu kimefungwa, na kaunta ya pili, ya tatu, na kila anayetaka namba ya risiti amesimama.

Kwa hiyo hakuna mtandao mbovu hapo wala seva ndogo. Kila kitu kinafanya kama kilivyoandikwa. Mwisho wa mwezi unaganda zaidi kwa sababu ndipo wastaafu wanapokuja kwa wingi, na wastaafu wanachukua muda wao, na wana haki ya kuuchukua. Mfumo wa kuweka akiba ya wazee ambao hauwezi kumsubiri mzee avae miwani hauko sawa na unatakiwa urekebishwe wenyewe, sio kumwambia dada wa kaunta "waharakishe".

Jumatatu

Kikao. Bosi ameuliza kwa nini tusiongeze max_connections iwe 300 tumalize. Nimemweleza kwamba kila koneksheni ya PostgreSQL ni mchakato kamili wa mfumo wa uendeshaji wenye memori yake, na mashine yetu ni gigabaiti 4. Lakini hata memori ingekuwepo, tungekuwa tumerefusha foleni tu, mstari uliofungwa ni mmoja na aliyeushika ni mmoja. Mwenzangu akapendekeza PgBouncer, programu inayokaa mbele ya databesi na kugawa koneksheni. Naipenda PgBouncer na huenda tukaihitaji baadaye, ila kwa hili haisaidii, kwa sababu hata kwenye pool_mode ya transaction inamwachia mteja koneksheni ya seva mpaka tranzaksheni iishe, na shida yetu ni tranzaksheni isiyoisha.

Wazo lingine lilikuwa kutumia sequence, kihesabu cha ndani cha PostgreSQL, badala ya tebo ya kihesabu, maana nextval haimfungii mtu yeyote. Hapo nikamgeukia mama mhasibu. "Shikamoo mama, namba za risiti zikiruka moja moja kuna shida?" "Marahaba mwanangu. Kuna shida kubwa. Mkaguzi akikuta 4510 halafu 4512 ataniuliza 4511 iko wapi na hela yake iko wapi." Basi imekwisha, sequence hairudishi namba tranzaksheni ikifeli, inaacha mapengo. Kihesabu kinabaki, tunabadilisha tu lini kinashikwa.

Cha muda kingekuwa kuweka idle_in_transaction_session_timeout kwa yuza wa risiti, ipo tangu 9.6, ikipita sekunde kadhaa PostgreSQL inaikata koneksheni. Nimekataa kuiwasha kwa risiti sasa hivi na naandika sababu ili mtu asije akaiwasha kwa nia njema: kama inakatwa wakati mzee anaweka namba ya siri, hela itatoka kwenye simu yake na sisi kumbukumbu yetu itakuwa imerudishwa nyuma. Amelipa na hana risiti. Bora mfumo ugande dakika moja kuliko hilo. Kwa ripoti, ambayo inasoma tu, nimeiwasha:

```
alter role ripoti set idle_in_transaction_session_timeout = '60s';
```

Katikati ya mwezi

Kodi mpya ya risiti iko hivi. Kwanza inaandika ombi la malipo kwenye tebo yake, hali 'inasubiri', na kumbukumbu namba tunayoitunga wenyewe, inakomiti. Pili inaongea na kampuni ya malipo, ina timeout ya sekunde 90, na wakati huo haishiki koneksheni yoyote ya databesi. Tatu, jibu likija inafungua tranzaksheni mpya, inafunga kihesabu, inachukua namba, inaandika risiti, inakomiti, yote ni suala la milisekunde. Na sekunde 90 zikipita bila jibu HAIANDIKI kwamba malipo yamefeli, maana hatujui. Linabaki 'inasubiri' na kazi ya pembeni inaiuliza kampuni kwa ile kumbukumbu namba mpaka ijibiwe ndiyo au hapana.

Tumeipeleka seva ya majaribio, na mlinzi akaonyesha kitu ambacho kwenye kodi hakionekani kabisa. Bado kulikuwa na risiti|idle in transaction sekunde 30, sekunde 40. Hazizuii mtu, hakuna anayesubiri Lock, lakini zimeshika koneksheni. Tumehangaika nayo mchana kutwa. Kumbe ni tabia ya SQLAlchemy: baada ya kukomiti, inazichukulia taarifa zote za kitu ulichokisoma kama zimechakaa, na ukigusa hata moja tena, kwa mfano mwanachama.simu ili uiweke kwenye ombi la malipo, inarudi kimyakimya kwenye databesi kuisoma upya, na kwa kufanya hivyo inafungua tranzaksheni nyingine. Dawa ni kuchukua namba ya simu na kiasi kuviweka kwenye vigezo vya kawaida kabla ya kukomiti, baada ya hapo usikiguse tena kile kitu mpaka jibu lije. Bila mlinzi hii ingepita, kwenye majaribio ya kawaida kila kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

Pia tumeshusha akiba ya koneksheni, kila mchakato 5 na dharura 3. Hesabu mpya: 32, 16 na 8, jumla 56. Sasa hata kila woka akitaka vyote kwa pamoja bado kuna nafasi.

Na nimeongeza taarifa za Telegram. Mlinzi anatuma ujumbe kama kuna idle in transaction iliyozidi sekunde 20, au waliokwama kwenye Lock wamezidi watano, na iwe hivyo kwenye picha mbili mfululizo, la sivyo simu italia kwa kila kikohozi na baada ya wiki hakuna atakayeisoma. Ujumbe unataja programu, hali na sekunde tu. Maandishi ya kweri hayatoki nje ya seva kabisa, kwa sababu kweri zinabeba majina na namba za simu za wanachama, na hizo sio zetu kuzirusha kwenye magrupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo. Faili za logi ni 640 (mwenyewe anaandika, kundi lake linasoma tu, wengine hawaoni), na zinazozidi siku 14 zinafutwa na find.

Mwisho wa mwezi tena

Saa nne mpaka saa saba nimekaa na tail -f, naitazama logi ikiandikwa. Kaunta ilijaa, dada amesema watu walikuwa wengi kuliko mwezi uliopita. Mstari mzito kuliko yote kwenye logi ya leo ni huu (safu ya nne ndo ile wait_event_type):

```
11:02:16|kaunta|active|Lock|2|0
```

Wawili, chini ya sekunde moja. risiti|idle in transaction haijaonekana hata kwenye picha moja. Malipo matatu yalizidi sekunde 90, yote yakabaki 'inasubiri', mawili yalithibitishwa baadaye kuwa yamelipwa na yakapata risiti, moja mwanachama alighairi. Mama mhasibu amelinganisha namba za risiti na taarifa ya kampuni ya malipo, hakuna pengo.

Kazi zilizobaki: kuhamia toleo la 16 ili mlinzi aache kuwa superuser, na kuiweka hali.sql kwenye seva ya bakapu pia. Tawi la pili wanaanza kutumia mfumo wiki mbili zijazo, nao wataingia na jina lao kwenye application_name kuanzia siku ya kwanza, `kaunta2`.